Kukaza cheni ya trekta kwenye tope la Kyela

Trekta la cheni likichoka shambani, mafundi wengi hukimbilia injini: wanafungua nozeli, wanabadili filta, wanatoa hewa kwenye dizeli. Mimi ningeanza chini. Kwenye mashine hizi, cheni, rola na sproketi zinaweza kula karibu nusu ya gharama zote za matengenezo, na muda wa kudumu kwazo huamuliwa na udongo zinaoukanyaga.

Mfano tunao nyumbani. Mradi wa karanga wa Waingereza ulipoanza Kongwa mwaka 1947, ulitumia matrekta yaliyobaki Ufilipino baada ya Vita Kuu ya Pili. Kabla mwaka haujaisha, theluthi mbili yalikuwa hayafai kazi. Husemwa sana habari ya madereva wasio na uzoefu na ya mitambo iliyofika tayari imechakaa, na ni kweli. Lakini udongo wa Kongwa una mfinyanzi uliochanganyika na chembe za kwatzi. Chembe hizo zilimaliza makali ya majembe, na sioni kwa nini zingezisaza cheni. Pini za cheni za zama zile zilikuwa kavu, hazina oili ndani, kwa hiyo mchanga ukiingia kati ya pini na bushi husaga kila hatua. Bushi ikilika, cheni hurefuka na meno ya sproketi huanza kuiparamia. Dawa ilijulikana: kuvua cheni na kugeuza pini na bushi nusu mzunguko, upande mzima ubebe mzigo. Kazi hiyo inataka presi kubwa na karakana iliyokamilika, wala si ya kufanyia porini kwa nyundo.

Kyela shida ni nyingine kabisa. Kwenye uwanda wa Kiwira, Mbaka na Lufilyo, tope la jaruba hujaza kuliko linavyosaga. Linashindiliwa kati ya bushi na meno ya sproketi, na cheni iliyokazwa vizuri asubuhi kwenye uwanja mkavu, adhuhuri imekazika kama kamba ya ngoma. Trekta linakosa nguvu, linatoa moshi mweusi, na fundi anailaumu pampu. Kumbe injini inahangaika na cheni yake yenyewe, huku sili za gurudumu la mbele zikianza kuvuja.

Basi pimia jarubani. Tembeza trekta mpaka tope lijae kama linavyojaa kazini, liache lisimame lenyewe bila breki, kisha laza ubao mnyoofu juu ya cheni, kutoka rola ya juu hadi gurudumu la mbele. Mashine nyingi kubwa hutaka cheni ishuke sentimita nne hadi tano, ingawa kitabu cha mashine ndicho chenye neno la mwisho. Ukilegeza, fungua vali ya grisi mzunguko mmoja tu, uso ukiwa kando: grisi ile ina shinikizo la kutoboa ngozi, na imeshaumiza watu.

Jioni ondoa tope kwa koleo lingali bichi. Likikauka usiku hushika rola, cheni inaburuzwa juu yake, na rola inalika upande mmoja. Asubuhi piga alama ya chaki kwenye kila rola, sogeza trekta nusu mita. Ambayo alama yake haikuhama, hiyo ndiyo ya kufungua.