Mwizi wa mchana

Betri ya tatu ilipokufa, mwenye pikipiki hakutaka tena kusikia habari za duka. Ni motari wa Bagira, mjini Bukavu, anayebeba abiria kuteremka hadi Nyawera na kupanda tena, na chombo chake ni cha kawaida kabisa: injini ya 125, kabureta, breki ya nyuma ya ngoma, betri ya volti 12 na amperi-saa 5. Kila betri mpya ilimfaa wiki chache. Kwanza stata ilianza kuzunguka kwa unyonge, kisha ikawa inagonga tu bila kuzungusha kitu, mwishowe akarudi kwenye kiki kama kawaida.

Mafundi waliokwisha kuiona walitoa majibu mawili. La kwanza: betri za siku hizi ni feki. La pili: kuna umeme unavuja usiku. Siyadharau, maana yote mawili hutokea, na betri dhaifu zinauzwa kweli. Ila betri tatu kutoka maduka tofauti, zikifa kwa namna ile ile na kwa muda unaokaribiana, zinatuambia tuache kuitazama betri na tuitazame pikipiki.

Fundi aliyeimaliza kazi ana kibanda kando ya barabara na multimeta ya bei ndogo. Ninachotaka kuchambua ni mpangilio wa vipimo vyake, kwa sababu vifaa vyake kila fundi anavyo.

"Yaya, betri imekufa tena," kijana alimwambia.

"Tuache betri kwanza. Nipe ufunguo."

Hata hivyo alianza na betri, kwa kuwa betri tupu huharibu kila kipimo kinachofuata. Ilibidi ichajiwe kwanza, na kwa Bagira hilo ni shughuli. Umeme wa shirika la SNEL unaotoka kwenye mitambo ya mto Ruzizi huja na kukatika, kwa hiyo watu wengi hupeleka betri kwenye jenereta au sola ya jirani, na huko huungwa chaja ya gari. Hapo ndipo betri ndogo huuawa mara ya pili. Betri ya amperi-saa 5 inataka nusu amperi hivi, kwa saa 10 au zaidi. Ukiisukumia amperi 5 au 10, asidi inachemka, sahani zinapinda, na mwenyewe anaambiwa imejaa. Fundi wetu aliichaji polepole, akaiacha itulie usiku kucha, asubuhi akapima: volti 12.7. Betri ya risasi na asidi yenye vyumba sita ikijaa na kutulia husoma 12.6 hadi 12.8, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 11.8 ni tupu. Akabonyeza stata huku akitazama mita: 10.4. Kwa betri ndogo, kinachotakiwa ni isishuke chini ya 9.6. Basi betri hii, ya tatu, bado ilikuwa na uhai.

Kipimo cha kuchaji nacho kilipita, na hapo ndipo mafundi waliotangulia walipofunga faili. Injini ikizunguka kama mara 4,000 kwa dakika, mita ilisoma 14.1. Regileta nzima huishikilia betri kati ya 13.5 na 14.8, ikizidi 15 inaikaanga betri, isipofika 13 kuna tatizo kwenye koili za magneti, regileta au viunganishi vya waya. Kwa hiyo kuchaji kupo. Niseme kando kwamba fundi mmoja wa awali alikuwa amekwisha kuihukumu koili kwa sababu waya wake mmoja ulionyesha kugusana na bodi. Kwenye pikipiki nyingi ndogo waya huo umefungwa kwenye bodi tangu kiwandani. Anayeijua mifumo ya pikipiki kubwa, ambako koili haitakiwi kugusa bodi kabisa, anaweza kumuuzia mtu koili mpya bila sababu.

Lakini fundi wetu hakuachia gesi na kuzima. Aliiacha injini ingurume polepole, akaendelea kutazama mita. Ilishuka hadi 12.5. Ikafika 12.4. Ikaendelea kushuka kidogo kidogo, na hakuna taa aliyokuwa amewasha.

Dalili yote ya ugonjwa ilikuwa pale. Magneti ya pikipiki ya namna hii huzalisha umeme kidogo sana injini ikiwa chini, lakini kidogo hicho kinatosha kuiweka betri palepale kama hakuna kinachokula. Namba ikishuka huku kila swichi imezimwa, kuna kitu kinakula.

Akazima, akafungua waya wa hasi, akaiweka mita katikati ya betri na waya huo kwenye kipimo cha amperi 10. (Ukiwa katika hali hiyo usiguse kitufe cha stata: stata huvuta makumi ya amperi, na fyuzi ya mita itaungua papo hapo.) Ufunguo ukiwa umezimwa, mita ilionyesha pungufu ya miliamperi moja. Kwa hesabu hiyo betri ya amperi-saa 5 ingehitaji miezi mingi kuisha. Hadithi ya kuvuja usiku ikafa. Kama pangekuwa na alamu ya kuzuia wizi inayokula miliamperi 20, ingekuwa karibu nusu amperi-saa kwa kila saa 24, na pikipiki iliyolala siku tano ingeamka na nusu betri. Hapa alamu haikuwepo.

Mafundi wengi huishia hapo: betri nzima, kuchaji kupo, hakuna kinachovuja, basi kijana nenda ukanunue betri nyingine. Fundi huyu aliongeza kipimo kimoja ambacho huonekana hakina maana. Mita ikiwa palepale, aliwasha ufunguo bila kuwasha injini, bila taa, bila indiketa. Kwa kawaida hapo hubaki taa ya gia huru kwenye dashibodi na vitu vidogo vidogo, amperi 0.15 hivi.

Mita ilisoma 1.9.

Kila mtu alikuwa amemtafuta mwizi wa usiku, na huyu alikuwa anaiba mchana, mwenye nyumba akiwa macho.

Kilichofuata kilinipendeza kuliko yote, kwa sababu fundi hakuanza kuchomoa waya. Pikipiki hizi huwa na fyuzi moja, hivyo ile mbinu ya magari ya kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine haisaidii. Alipiga hesabu. Ondoa 0.15 ya kawaida, inabaki 1.75. Zidisha kwa volti 12: wati 21. Balbu za indiketa kwenye pikipiki ile ni za wati 10. Taa ya mbele hulishwa na koili moja kwa moja, injini ikizimwa nayo inazimika. Balbu ya wati 21 ni moja tu, imeandikwa ubavuni 21/5: ile ya nyuma, yenye wati 5 za taa ya usiku na wati 21 za breki. Akazunguka nyuma, akakinga jua kwa mkono. Taa ya breki ilikuwa inawaka, na hakuna mguu kwenye pedali.

Sababu ilikuwa tope. Mvua za Bukavu huanza karibu na Septemba na kuendelea hadi Mei, na barabara za mitaani Bagira hazihitaji mvua nyingi kugeuka uji. Mhimili wa pedali ya breki ulikuwa umejaa mchanga na kutu, springi ya kurudishia imechoka, pedali inabaki chini kwa milimita chache. Breki yenyewe haikubani, gurudumu lilizunguka vizuri, lakini milimita hizo zilitosha kuivuta swichi. Dereva haoni nyuma yake. Anayemfuata anaona taa nyekundu na kudhani jamaa anafunga breki, jambo ambalo kwenye miteremko ya kushuka mjini kila mtu analifanya.

Wati 21 zinaonekana chache mpaka uzilinganishe. Tukadirie stata inavuta amperi 60 kwa sekunde 3 kila inapowasha: ni amperi-saa 0.05. Taa ile ya breki kwa dakika 10 inakula 0.29, yaani sawa na kuwasha injini karibu mara sita. Kijana, kama motari wengi, huteremka injini ikiwa imezimwa kwa kitufe cha mkononi ili kuokoa mafuta, ufunguo ukiwa umewashwa. Dakika zote hizo taa inakunywa betri na hakuna kinachorudishwa. Kisha yuko kwenye foleni, injini inanguruma chini, hesabu bado ni hasi. Kupanda kwa gia ndogo humrudishia kiasi, lakini si chote.

Betri iliyobaki nusu kila siku haisubiri ifike sifuri ndipo ife. Sulfeti ya risasi iliyoganda kwenye sahani, isipoyeyushwa na chaji kamili, hukomaa kuwa fuwele ngumu, na nafasi ya kubeba umeme hupungua. Kemia hiyo haijabadilika tangu Gaston Planté alipotengeneza betri ya namna hii mwaka 1859. Ndiyo maana zile mbili za mwanzo hazikufufuka: moja ilichajiwa ikasoma 12.5, ikaonekana imepona, stata ilipobonyezwa ikaporomoka hadi 8.

Matengenezo yenyewe hayana hadithi. Mhimili ulisafishwa kwa petroli na kupakwa grisi, springi ikabadilishwa, nati ya swichi ikarekebishwa mpaka taa iwake pedali ikishuka kidogo na kuzimika ikiachwa. Mita ikarudi 0.15. Injini ikinguruma chini, volti zikasimama 13 na kitu. Fundi alipendekeza pia balbu ya LED kwa nyuma, inayokula sehemu ndogo ya wati 21, na nadhani yuko sahihi, ingawa balbu hiyo ingeuficha ugonjwa huu badala ya kuutibu.

Kwa asiye na multimeta, njia ipo. Giza likianza kuingia, egesha nyuma ya pikipiki karibu na ukuta, zima taa zote, washa ufunguo bila injini na usikanyage chochote. Ukuta ukiwa mwekundu, inua pedali kwa kidole cha mguu. Wekundu ukipotea, nunua grisi kabla ya betri.