Kigingi Kinachokaa

Udi wa kawaida una nyuzi 11: jozi tano na uzi mmoja mnene wa besi. Kila uzi umezungushwa kwenye kigingi chake, na kila kigingi kimepita katika matundu mawili yaliyotobolewa kwenye kuta za kichwa kilichopindwa nyuma. Hakuna hesi, hakuna msumari wala gundi. Mti umekaa ndani ya mti, na kinachozuia uzi usirudi ni msuguano peke yake. Fidla nayo ni hivyo hivyo, ila vigingi vyake ni vinne tu na mzigo wa kila kimoja ni mzito. Ule uzi mwembamba wa chuma, ukishapandishwa hadi sauti yake, huvuta kwa nguvu ya kilo 7 hadi 8 hivi.

Kigingi kikianza kuteleza, mpiga fidla bado anaweza kusitiri aibu kwa kusogeza kidole juu kidogo. Mpiga udi hana njia hiyo. Kidole chake kinakandamiza nyuzi mbili kwa pamoja, na zile mbili zinatakiwa zitoe sauti moja. Moja ikishuka hata kidogo, sauti inatetema, na hakuna pa kuweka kidole pakazipatanisha. Katika kundi la taarabu, ambako udi hukaa pamoja na fidla na kanuni yenye nyuzi zaidi ya 70, kasoro hiyo huisikia hata asiyejua jina la chombo.

Kwa nini kilichoshika jana kiteleze leo? Sababu imo hewani. Mti hunywa unyevu na kuutoa, na hautanuki sawasawa pande zote. Kwa urefu wa mshipa wake haubadiliki kiasi cha kuonekana. Kwa unene hubadilika, tena upande unaofuata duara za ukuaji hubadilika karibu mara mbili ya upande unaotoka kiini kwenda ganda. Kwa hiyo kigingi kilichokerezwa kikawa duara kamili, baada ya misimu kadhaa huwa na umbo la yai. Tundu nalo limetobolewa kukata mshipa wa ukuta: linabana juu na chini, halibani upande wa shingo. Hapo umbo moja lililopotoka linazunguka ndani ya jingine, na ndiyo maana kigingi kibovu hukwama mahali pamoja, kisha ukikizungusha robo tu kinalegea chote.

Visiwani mambo haya yana historia. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kupiga kanuni. Kufikia mwaka 1905, kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa, muziki huo ulikuwa umeshapata wenyewe mjini Unguja. Hewa ya Cairo ni kavu, ya Unguja ina chumvi na maji. Udi uliochongwa kule ukaletwa huku hauna budi kuvimba kwanza, na siku hizi taabu imeongezeka: chombo kilichozoea unyevu wa masika kinaingizwa katika ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi, na kabla ya wimbo wa pili vigingi vinaanza kurudi.

Ninachokipenda kwa fundi anayejua kazi hii ni kwamba hashiki chombo chochote mwanzoni. Anatazama uzi. Mara nyingi kosa liko hapo, na wala si la kigingi. Uzi ukizungushwa ukaelekea ncha nyembamba, kila ukikazwa unakisukuma kigingi nje. Ukizungushwa ukaelekea upande wa kichwa cha kigingi, unakivuta ndani, na kadiri unavyokazwa ndivyo kigingi kinavyoshika. Lakini usirundikwe mpaka ukutani, maana hapo utabana, utakwaruza ukuta na mwisho utakatika. Kuna watu wamebadilisha vigingi vyote vinne vya fidla kwa fedha nyingi, na dawa ilikuwa kuuvua uzi na kuuzungusha upya.

Uzi ukiwa sawa, anachomoa kigingi na kukisogeza kwenye mwanga. Hapa ndipo jicho linapolipwa. Kigingi kinachokaa vizuri kina mikanda miwili inayong'aa, mmoja kwa kila ukuta, na kila mmoja umezunguka pande zote. Mkanda ukiwa mmoja, kigingi kinashika ukuta mmoja na kwingine kinaelea. Mng'ao ukiwa wa vipande, umbo limeharibika. Na ukikuta mikanda yote ipo, imekamilika, lakini inateleza kama kioo, basi umbo ni zima na kilichochoka ni ngozi ya juu tu. Maradhi matatu tofauti, na anayeyatibu yote kwa dawa moja atayazidisha.

Ngozi ikichoka, dawa ni chaki na sabuni. Chaki hushika, sabuni kavu ya mche hulainisha, na ufundi uko katika kipimo. Sabuni ikizidi, kigingi kinateleza zaidi ya mwanzo. Chaki ikizidi, kinakwenda kwa kushtuka, kinaruka sauti unayoitaka na kutua juu yake. Fundi hupaka sabuni kidogo, hukizungusha, huongeza chaki kidogo, hukizungusha tena, akisikiliza kwa kiganja. Anayetia ulimbo wa upinde kwa sababu unanata anajitafutia balaa: kigingi kitaganda, na siku ya kukilazimisha ndipo ukuta unapopasuka. Kwa maji ni vilevile.

Umbo likiharibika, chaki haisaidii. Vigingi vya fidla vya siku hizi huchongoka kwa kipimo kinachojulikana: kipenyo hupungua milimita 1 kwa kila milimita 30 za urefu. Kigingi huchongwa upya katika kifaa chenye wembe kilichowekwa kwa mchongoko huo, na tundu husafishwa kwa chuma cha mchongoko uleule chenye makali ubavuni. Yote mawili hufanywa kwa mkono, taratibu, fundi akiingiza kigingi na kukichomoa kila mara aone kimefika wapi. Kila unyoya anaoutoa haurudi. Tundu likipanuka zaidi ya haja, kigingi kinazama, kichwa chake kinakaribia ukuta, na kile kitobo cha kupitishia uzi kinahama kutoka katikati. Kwa hiyo stadi huacha kazi mapema kidogo kuliko anavyotaka mteja. Mteja naye hulalamika, kwa sababu analipia kazi ambayo hawezi kuiona. Kigingi ni kilekile, kimepungua unene wa karatasi.

Tundu lililopanuliwa mara nyingi mno hufikia hali ya kuzibwa. Kipande cha mti huchongwa kwa mchongoko wa tundu, hutiwa gundi, huachwa kikauke kabisa, husawazishwa na ukuta, kisha hutobolewa upya. Kuziba tundu kunahitaji subira kuliko kulipanua, na makosa yake hujitokeza baada ya miezi.

Siku hizi vipo vigingi vya fidla vyenye gia ndogo zilizofichwa ndani. Havitelezi, na simlaumu mwalimu anayevifunga kwenye fidla za wanafunzi. Vinatiwa ndani ya tundu moja kwa moja wala havichongwi tena. Na vikiharibika hununuliwa vingine. Kwa udi wenye vigingi 11 hesabu inakuwa kubwa, kwa fedha na kwa uzito wa kichwa, na ndiyo maana wapiga udi wengi bado wanabeba kipande cha chaki mfukoni.

Fundi akimaliza, hukaza uzi huku akisukuma kigingi ndani kwa mkono uleule unaokizungusha, kwa mwendo mmoja, na kumtaka mwenye chombo afanye hivyo mbele yake. Anayezungusha bila kusukuma atarudi kabla ya wiki kwisha, akisema kazi haikushika.