Kijiji au Dago? Uhakiki wa Filamu «Le Monde sans soleil» ya Jacques-Yves Cousteau

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi za sanaa zilizowashawishi watu wa karne ya 20 kwamba binadamu ataweza kuhamia chini ya bahari, filamu iitwayo Le Monde sans soleil, yaani Dunia Isiyo na Jua, ina nafasi ya pekee. Ilitolewa mwaka 1964, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar katika fungu la filamu za mambo halisi. Mtungaji wake, Mfaransa Jacques-Yves Cousteau (1910-1997), alikuwa amekwisha kujipatia sifa kwa Le Monde du silence, aliyoitengeneza pamoja na Louis Malle na iliyotuzwa Palme d'Or kule Cannes mwaka 1956. Filamu hiyo ya kwanza inamwonyesha binadamu akiwa mgeni baharini. Ya pili inadai jambo zito zaidi, kwamba mgeni huyo sasa amejenga na ni mwenyeji.

Uhakiki huu unakusudia kulipima dai hilo kwa mizani mbili. Kwanza, kwa yale ambayo filamu yenyewe inayaonyesha na yale inayoyapitia juujuu. Pili, kwa yale yaliyotokea baada yake, ambayo watazamaji wa mwaka 1964 hawakuweza kuyajua.

2. Yanayosimuliwa

Filamu inahusu jaribio lililofanyika mwaka 1963 katika Bahari ya Shamu, kwenye mwamba wa matumbawe uitwao Sha'ab Rumi, karibu na Port Sudan. Lilikuwa la pili katika mfululizo wa majaribio matatu. La kwanza lilifanyika Septemba 1962 karibu na Marseille, ambako Albert Falco na Claude Wesly walikaa juma moja katika pipa kubwa la chuma, mita 10 chini ya maji. La tatu lilifuata mwaka 1965 karibu na Cap Ferrat, ambako watu sita walikaa majuma matatu penye kina cha mita 100.

Kule Sha'ab Rumi palijengwa nyumba yenye umbo la kiti cha pweza, mnyama yule wa baharini mwenye mikono mitano. Iliwekwa penye kina cha mita 10, na wakazi wake waliishi humo kwa mwezi mmoja. Kando yake palikuwa na banda la chombo cha kuzamia chenye umbo la sahani. Chini zaidi, karibu mita 27, kiliwekwa chumba kidogo ambamo wazamiaji wawili, Raymond Kientzy na André Portelatine, walikaa juma moja wakivuta hewa iliyochanganywa na heliamu.

3. Ufundi wa mambo ya kila siku

Nguvu ya filamu hii haitokani na maajabu ya vilindi peke yake. Inatokana zaidi na mambo madogo ya nyumbani. Mpishi anapika, watu wanakaa mezani, wanavuta sigara na kuzungumza. Kasuku yumo ndani ya tundu lake. Nje ya dirisha samaki wanapita, kama kuku wanavyopita uani. Mtazamaji anasahau taratibu kwamba kuta zimezungukwa na maji, na kusahau huko ndiko mtungaji anakokutafuta. Badala ya kuhubiri kwamba bahari inakalika, anaonyesha watu wanaokula, na mtazamaji anajikatia shauri mwenyewe.

Haki inadai isemwe pia kwamba filamu haikuficha taabu yote. Sehemu ya chumba cha chini ni ya kweli kuliko zote. Joto na unyevu vinawachosha wale wawili, na heliamu imebadilisha sauti zao zikawa nyembamba kama za watoto. Hapo mwili wa binadamu unatoa ushahidi wake bila msaada wa msimulizi. Hata hivyo masimulizi hayakai sana na ushahidi huo. Yanaupita haraka, kana kwamba ni usumbufu wa ugenini utakaozoeleka. Baadhi ya mandhari nyingine zilitiliwa shaka tangu mwanzo. Filamu ilipotoka, Bosley Crowther, mhakiki wa gazeti la New York Times, alihoji ukweli wake, naye Cousteau akakana kwamba alidanganya.

4. Kamba inayosahauliwa

Lakini kasoro kubwa ya filamu si mandhari moja au mbili. Ni kamba. Nyumba ya Sha'ab Rumi ilivuta hewa iliyosukumwa kutoka melini kwa mabomba, ikawaka kwa umeme ulioletwa kwa nyaya, ikala chakula kilichoshushwa kutoka juu. Meli zenyewe hazikufichwa, lakini masimulizi hayazipi uzito wa mhusika. Wanaofanya kazi juu, juani, ndio wanaoushikilia uhai wa walio chini, ila filamu inawatazama kama watumishi wapitao nyuma ya jukwaa. Jina la filamu linataja dunia isiyo na jua. Kwa kweli kila pumzi ya dunia hiyo ilitoka chini ya jua.

Kuna na kamba ya pili, isiyoonekana kwa macho. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo ulio karibu sawa na ule wa angahewa yote iliyo juu ya uso wa bahari. Chini ya mgandamizo huo gesi anayoivuta mtu huyeyuka katika damu na nyama zake. Baada ya muda mwili hushiba, usipokee zaidi. Ugunduzi huo, uliofanyiwa kazi na daktari George Bond wa jeshi la majini la Marekani, ndio uliofanya majaribio haya yawezekane, kwa maana aliyekwisha kushiba anaweza kukaa siku nyingi bila deni lake kuongezeka. Lakini deni lazima lilipwe. Akipanda ghafla, gesi hutoka kwa mapovu ndani ya mwili, nayo yaweza kumlemaza au kumwua. Kutoka mita 100 hupandishwa polepole kwa siku kadhaa. Basi mkazi wa chini ya bahari anaiona nuru ya jua juu yake, na hawezi kuiendea. Nyumba ambayo mlango wake hauwezi kutokwa kwa hiari ina jina jingine katika kila lugha.

5. Kijiji, kambi, dago

Hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kumsaidia mhakiki. Mradi wa Cousteau ulitangazwa kama mwanzo wa vijiji vya baharini. Mwaka 1962, katika mkutano wa dunia wa wapiga mbizi uliofanyika London, Cousteau alitabiri hata binadamu wa namna mpya, atakayetengenezwa ili avute pumzi majini. Lakini kijiji ni nini? Ni mahali ambapo watu huzaliwa na kuzikwa, ambapo ipo riziki, ipo njia ya kwenda na kurudi, na mtoto hukua akipaita kwao. Kambi ni mahali pa kazi, na mwenye kazi ndiye anayeifungua na kuifunga. Wavuvi wa mwambao wana neno la tatu, nalo ni dago, makao ya muda ya wanaofuata samaki mbali na kwao. Mwenye dago hajidanganyi. Anajua kwamba kwao ni kwingine.

Kwa vipimo hivyo, Sha'ab Rumi palikuwa dago lililopewa jina la kijiji. Wala mwenye kazi hakukosekana. Sehemu ya gharama za majaribio hayo ilitolewa na watu wa mafuta ya petroli wa Ufaransa, na katika jaribio la mwaka 1965 wakazi walipewa kazi ya kutengeneza mfano wa kisima cha mafuta. Historia ikatoa hukumu yake upesi. Makampuni yaligundua kwamba mzamiaji anaweza kuwekwa katika chumba cha mgandamizo juu ya sitaha ya meli, ashushwe kazini na kupandishwa, bila kujengewa nyumba chini. Elimu ya mwili uliozoeshwa mgandamizo ikabaki, kijiji kikaachwa. Kwa upande wa Marekani, mradi wa SEALAB ulifika mita 62 mwaka 1965, kisha ukakoma baada ya mzamiaji Berry Cannon kufa mwaka 1969.

Majaribio ya baadaye hayakuivunja hukumu hiyo. Mwaka 2014 Fabien Cousteau, mjukuu wa mtungaji, alikaa siku 31 katika maabara ya Aquarius huko Florida. Januari 2025 Mjerumani Rüdiger Koch alimaliza siku 120 katika chumba chini ya maji karibu na pwani ya Panama, mita 11 hivi chini ya uso wa bahari. Siku zimeongezeka, lakini kina cha mwisho ni kilekile cha nyumba ya mwaka 1963, au kinakaribiana nacho, na riziki bado inatoka juu.

6. Hitimisho

Je, makazi ya binadamu chini ya bahari yanawezekana? Le Monde sans soleil inajibu ndiyo. Jibu la haki ni kwamba kukaa kunawezekana, kuhamia bado. Kilichozuia si ujasiri wala chuma. Ni kukosekana kwa sababu ya kuishi humo inayozidi gharama ya kila pumzi.

Hata hivyo filamu inastahili kutazamwa tena, hasa na wanafunzi. Inafundisha jinsi picha nzuri inavyoweza kusema kweli katika kila sehemu yake na kupotosha kwa jumla, kwa kumweka mpishi mbele ya macho na bomba la hewa pembeni. Banda la ile sahani lingaliko Sha'ab Rumi hadi leo, limeota matumbawe, na wazamiaji huenda kulitazama. Kilichokusudiwa kuwa makazi ya watu kimekuwa makazi ya samaki, nao hawakuhitaji kamba.