Kivuli na Chumba

Saa nne asubuhi jua la soko la Muthurwa jijini Nairobi huwa limeshakuwa kali. Muuza vitunguu huvuta turubai, akalifunga kwenye nguzo, akasogeza gunia nusu hatua. Baada ya saa moja atalisogeza tena. Mbele yake, upande wa mjini, umesimama mnara wa jumba la mikutano la KICC, uliokamilika mwaka 1973, kazi ya Karl Henrik Nøstvik wa Norwei na David Mutiso, aliyekuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini Kenya kufuzu usanifu majengo.

Kumkinga mtu jua bila kumnyima hewa: hiyo ndiyo kazi iliyowatoa jasho wasanifu waliofanya kazi Afrika Mashariki enzi hizo, na ndiyo inayowastahilisha sifa. Amyas Connell, mzaliwa wa New Zealand, alijulikana Uingereza kwa nyumba nyeupe zenye vioo vipana. Alipohamia Afrika Mashariki baada ya Vita Vikuu vya Pili, vioo hivyo vingewachoma waliomo ndani. Akajifunza upya. Katika Hospitali ya Aga Khan jijini Nairobi aliweka vizuizi vya zege mbele ya kuta, upepo ukapita na miale ikabaki nje. Mtu mzima mwenye jina lake anapokubali kuanza kusoma jua upya, huo ni ufundi wa kweli.

Safari ya msanifu Ernst May ilikuwa ndefu zaidi. Kuanzia 1925 aliongoza ujenzi wa maelfu ya nyumba za watu wa kipato kidogo mjini Frankfurt. Humo ndimo Margarete Schütte-Lihotzky alimobuni jiko lake maarufu la 1926, chumba chembamba kisichofika upana wa mita 2, ambamo kila droo iliwekwa kwa kuhesabu hatua za mpishi. May akaenda Urusi, kisha mwaka 1934 akawa mkulima Tanganyika, na baadaye akafungua ofisi Nairobi. Alichora mpango wa kupanua Kampala, na pia nyumba nafuu za vibao vya zege vinavyoumbwa kando na kupachikwa kwenye fremu. Nyumba hizo hazikuenea.

Muthurwa haikungoja vibao hivyo. Mtaa huu ni wa reli, na Barabara ya Landhies inayopita kando yake imebeba jina la makazi ya wafanyakazi wa reli. Serikali ya kikoloni ilimhesabu kibarua Mwafrika kuwa mtu wa kuja kufanya kazi na kurudi kwao. Ikampimia chumba cha mtu mmoja. Akaleta mke, wakazaa, na chumba hakikuongezeka.

Hapo fundi seremala akashika usukani. Ingia kwenye chumba kimoja cha mawe cha Muthurwa utazame kitanda. Miguu yake imeinuliwa mpaka mitungi ya maji ya lita 20 inaingia chini bila kugusa mbao. Kabati halikuegemezwa ukutani. Limesimama katikati, mgongo wake ndio ukuta wa chumba cha watoto, na nyuma yake kuna dabo deka. Mchana kitanda cha chini ni kiti cha wageni. Fundi wa soko la Gikomba aliyevitengeneza alikuja na futi na penseli sikioni, akauliza mlango unafungukia wapi na mtoto mkubwa ana urefu gani, ndipo akaenda kushika randa. Hayo ni maswali ambayo hata Schütte-Lihotzky angeyauliza.

Kwa upande wa mvua, sifa zimwendee msanifu Beda Amuli wa Tanzania. Soko lake la Kariakoo, lililofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1975, lina paa la zege lenye umbo la miavuli iliyopinduliwa, na maji ya mvua hushuka kupitia nguzo zake. Mfanyabiashara wa Muthurwa anayekanyaga matope kila masika hahitaji kuelezwa uzuri wa paa kama lile.

Vyumba vya Muthurwa vimekuwa vikitajwa kwa ubomoaji kwa miaka mingi, na mwaka 2013 kesi ya wapangaji wake iliamuliwa na Mahakama Kuu. Wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu cha Nairobi hawana safari ndefu: waje na futi na karatasi, wapime vyumba hivi pamoja na vitanda na makabati yake, na wawasikilize mafundi, wakati kuta zingali zimesimama.