Kuondoka na Kubaki: Penzi la Rehana na Pearce katika Desertion ya Abdulrazak Gurnah

Ni jambo la kawaida, riwaya ya Desertion (2005) ya Abdulrazak Gurnah inapojadiliwa, mjadala kuanzia na kuishia kwenye mgongano wa tamaduni. Mwingereza anampenda mwanamke Mwislamu wa pwani, dini, rangi na desturi zinasimama kati yao, penzi linavunjika. Usomaji wa namna hii una wepesi wake, hasa kwa mwanafunzi anayetafuta dhamira ya kujazia karatasi ya mtihani. Makala haya yanashikilia kwamba muundo wa riwaya yenyewe hauuungi mkono. Penzi la Rehana na Martin Pearce halifi kwa sababu wapenzi hao ni wa tamaduni mbili. Linakufa kwa sababu mmoja wao ana uwezo wa kuondoka na mwingine hana, na jamii inayombakia yule wa pili haina jina la heshima la kumwitia.

Kisa chenyewe kinaanza mwaka 1899 katika mji mdogo wa pwani, kaskazini ya Mombasa. Hassanali, mwenye duka, anatoka alfajiri kwenda msikitini, akakutana na kivuli anachokidhania kuwa jini. Kumbe ni Mzungu aliyetupwa na waongozaji wake, taabani. Anamchukua hadi nyumbani kwake, anakoishi na mkewe Malika na dada yake Rehana. Baadaye Frederick Turner, afisa wa serikali, anamwondoa mgonjwa pale na kumshuku Hassanali kuwa amemwibia. Pearce akishapata nafuu anarudi kuomba radhi, anakaribishwa chakula, na hapo ndipo anapomtazama Rehana kwa macho ya mtu mzima. Wawili hao wanapendana, kisha wanaishi pamoja Mombasa mpaka Pearce anapofunga safari ya kurudi kwao. Rehana anabaki na mtoto wa kike, Asmah.

Wasomaji wengi hupita haraka juu ya habari ya Azad. Kabla ya Pearce, Rehana alikwisha kuolewa na mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuja na pepo za msimu. Azad alikuwa Mwislamu, alitoa posa, ndoa ikafungwa kwa taratibu zote, na nasaba ya baba yake Rehana, Zakariya, ambaye naye alikuwa Mhindi, ilimfanya mkwe huyo aonekane kama jamaa. Azad alipanda chombo akaenda zake, wala hakurudi. Gurnah hakukiweka kisa hiki mwanzoni kwa ajili ya kumpa mhusika wake majonzi ya ziada tu. Amekiweka kiwe kipimo. Mume wa halali, wa dini moja na mkewe na wa upande mmoja naye wa bahari, anafanya jambo lile lile atakalolifanya Mwingereza. Tukidai kwamba Pearce aliondoka kwa sababu ya utamaduni wake, itatubidi tueleze Azad aliondoka kwa sababu gani. Jibu la riwaya ni kwamba wote wawili walikuwa wanaume wa safari, na mwanamke wa pwani alikuwa kituo katika safari hiyo.

Tofauti baina ya visa hivi viwili haimo katika tendo la mwanamume. Imo katika hukumu ya mji. Aliyeachwa na Azad huonewa huruma, na huweza kumwendea kadhi akaomba ndoa yake ivunjwe. Aliyeachwa na Pearce hana mlango wa kubisha.

Mombasa inaingia hapa, na ni vema kuuliza kwa nini iwe Mombasa. Mwaka 1895 Uingereza ilikuwa imetangaza himaya yake katika nchi hizi, na Mombasa ndiyo iliyokuwa makao yake ya kwanza, ingawa ukanda wa pwani ulihesabika bado kuwa milki ya Sultani wa Unguja. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianzia kisiwani mwaka 1896, na katika mwaka huo huo wa kisa chetu, 1899, reli ilifika Nairobi. Maelfu ya vibarua wa Kihindi walipita bandarini. Kwa hiyo mji ulijaa wageni kuliko wakati wowote wa nyuma, na penye wageni wengi mgeni mmoja zaidi haonekani sana. Wala serikali ya kikoloni ilikuwa haijaanza kuwakataza maofisa wake kuishi na wanawake wa nchi. Waraka wa Lord Crewe juu ya jambo hilo haukutoka hadi mwaka 1909, baada ya kashfa ya afisa mmoja wa Nyeri. Mtu kama Pearce, ambaye hata afisa hakuwa, asingeulizwa na mtu. Mwandishi amechagua mahali na mwaka kwa uangalifu mkubwa.

Hata hivyo, baada ya kuwafikisha wapenzi wake katika mji huo, msimulizi ananyamaza. Sura inayofuata visa vya Hassanali, Frederick, Rehana na Pearce imepewa jina linalomaanisha kukatiza, na ndani yake anajitokeza Rashid, kijana wa Unguja wa nusu karne baadaye, anayekiri kwamba hajui penzi hilo lilianzaje. Anajua tu kwamba lilikuwapo na kwamba matokeo yake yaliifikia familia yake. Anakisia njia mbili tatu ambazo huenda mambo yalipitia, kisha anaiacha habari hiyo. Maisha ya Mombasa, ambayo ndiyo kiini cha kashfa yote, yanapewa nafasi ndogo kuliko mlo mmoja wa mchana katika sebule ya Hassanali.

Ukimya huu unaweza kutetewa, na utetezi wake una nguvu. Riwaya za kikoloni zilizoelezea Mzungu na mwanamke wa Kiafrika au wa Kiasia zilizoea kuingia chumbani bila kubisha hodi. Mwanamke akawa pambo la mandhari, pamoja na minazi na harufu ya karafuu. Gurnah anakataa kuufungua mlango huo. Anamwacha Rehana na sitara yake. Kwa msomaji aliyelelewa katika nyumba za Mji wa Kale, ambamo daka na kiwambo vimejengwa ili mgeni asione ndani, uamuzi huo una adabu anayoifahamu.

Lakini utetezi huo haumalizi tatizo. Mji wa Kale wa Mombasa haujawahi kuwa mahali pa kujificha kwa jinsi riwaya inavyodokeza. Ni mitaa iliyobanana, Kibokoni, Kuze, Ndia Kuu na mingineyo, yenye vichochoro ambamo watu wawili hawapishani pasipo kusalimiana. Wenyeji wake walihesabiana kwa mataifa kumi na mawili, Thelatha Taifa na Tisa Taifa, na mtu aliyehamia mjini aliulizwa kwanza ni wa nani. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa hadi karibu mwaka 1840, yanaonyesha mji unaojadili mambo ya nyumbani na ya utawala hadharani, kwa mafumbo ambayo kila mkazi aliyajua yanamlenga nani. Katika mji wa namna hiyo Rehana, binti wa Mhindi na mwanamke wa pwani, asiye na taifa hata moja kati ya hayo kumi na mawili, asingekosa kuulizwa. Nani aliyemuuzia samaki? Nani aliyemzalisha? Shoga wa kumkopesha kanga alimpata, au hakumpata? Hayo si maswali ya udaku. Ndiyo yanayobainisha kama mtu anaishi mahali au amehifadhiwa tu mahali hapo. Riwaya, kwa kukataa kuingia chumbani, imekataa pia kusimama barazani, na hasara hiyo ya pili haikuwa ya lazima.

Yafaa kuichunguza pia lugha yenyewe. Kiingereza kina neno moja au mawili tu kwa mwanamke aishiye na mwanamume bila ndoa, na maneno hayo hayatenganishi hali zilizotenganishwa kwa makini na Kiswahili. Mke ana nikahi, mahari, zamu na urithi. Suria hana nikahi kwa kuwa ni mtumwa wa mwanamume, lakini ana hadhi katika sheria: akizaa na bwana wake hauziki tena, bwana akifa anakuwa huru, na mtoto wake ni mtoto wa halali wa baba, mwenye haki ya jina na mirathi. Hawara na kimada hawana chochote katika hayo. Mwaka 1899 utumwa ulikuwa haujafutwa katika pwani ya Kenya. Ulifutwa mwaka 1907. Kwa hiyo katika mitaa ile ile ambamo Rehana aliishi na Pearce, walikuwamo masuria ambao watoto wao walikuwa na baba mbele ya sheria. Rehana, mwanamke huru, mtoto wa watu wa msikitini, alikuwa chini yao katika jambo hilo moja. Uungwana wake ndio uliomzuia asiwe suria. Dini ya Pearce ndiyo iliyomzuia asiwe mke. Likabaki lile neno la tatu.

Mfano wa Sayyida Salme unalikaza jambo hili. Salme alikuwa binti wa Sultani Said bin Sultan, na mama yake, Mcherkesi, alikuwa suria. Hakuna aliyemwita mwana wa haramu: alikuwa Sayyida, mwenye mashamba na nyumba. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Mwaka uliofuata alibatizwa mjini Aden akaolewa siku hiyo hiyo, kisha akaenda kuishi Hamburg, ambako mumewe alikufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870. Penzi lake na mgeni lilimgharimu dini, nchi na mali, lakini yeye aliondoka, na aliyeondoka aliandika. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Ni ajabu kwamba hata humo habari ya penzi lenyewe imepewa kurasa chache mno, huku arusi, mavazi na malezi ya watoto katika kasri vikielezwa kwa utuo. Huenda pwani ina namna yake ya kuyasitiri mambo haya, na Gurnah ameifuata. Ila Salme alijisitiri mwenyewe. Rehana amesitiriwa na mtu mwingine.

Sehemu ya pili ya riwaya, inayotokea Unguja katika miaka ya 1950 na kuendelea, ndiyo inayothibitisha zaidi kwamba utamaduni si ufunguo. Amin, kaka yake Rashid, anampenda Jamila, mjukuu wa Rehana. Wote wawili ni Waislamu, ni Waswahili, wanakaa mji mmoja. Wazazi wa Amin ni walimu, watu wa maendeleo na vitabu. Wanapopata habari wanamkataza, kwa sababu ya sifa ya familia ya Jamila na kisa cha bibi yake aliyeishi na Mzungu Mombasa. Amin anatii. Hakuna bahari aliyoivuka, wala jahazi alilopanda. Anamtupa mwanamke huyo akiwa pale pale mtaani. Kuachwa kwa tatu kunafanywa na mwenyeji, tena mpole, ambaye msomaji anampenda. Mwandishi asiye makini angemfanya Amin kuwa mwoga wa kuchukiza. Gurnah anampa utiifu wa mtoto mwema, na utiifu huo unakuwa mkatili kuliko safari ya Pearce, kwa kuwa mwenyewe anabaki akiona alichokifanya.

Inafaa kuitaja kwa ufupi riwaya ya Yvonne Adhiambo Owuor, The Dragonfly Sea (2019), ambayo inageuza upande wa safari. Ayaana, msichana wa Pate, anapelekwa China kwa kuhesabiwa kuwa wa kizazi cha mabaharia wa karne ya 15, na anampenda nahodha wa Kichina, Lai Jin. Pengo la lugha na desturi hapa ni pana kuliko lile la Rehana na Pearce, aliyekuwa mwanafunzi wa mambo ya Mashariki. Lakini Ayaana ana pasipoti, ana masomo, na anaweza kurudi kwao kwa hiari yake. Penzi lake lina misukosuko tele ila halina fedheha ya mtu aliyefungiwa. Owuor, kwa upande wake, anayapenda mno maneno, na mara nyingine bahari yake inawazidi nguvu wahusika. Gurnah hana kosa hilo.

Linabaki suala la Rashid. Msimulizi anayekatiza habari na kukiri kutojua si mtu asiye na upande. Ameondoka Unguja kwenda kusoma Uingereza, mapinduzi ya 1964 yamemkuta huko, na miaka inapita bila ya yeye kurudi, huku wazazi na ndugu zake wakibaki na yaliyowafika. Katika sehemu ya mwisho anakutana na mwanamke Mwingereza wa kizazi cha Pearce, na pamoja wanaunganisha vipande vya habari ambavyo kila familia ilikuwa navyo. Mkutano huo umefanyika Uingereza, baina ya watu wawili wa upande wa walioondoka. Jamila, ambaye ndiye aliyekuwa na habari za bibi yake kutoka kinywani mwa mama yake, hayumo katika mazungumzo hayo. Anachokijua Rashid juu ya nyumba ya Mombasa ni kile ambacho mtu aliyepanda meli huweza kukijua: kwamba ilikuwapo, kwamba palikuwa na mwanamke ndani yake, na kwamba mlango ulifungwa kwa nje.