Popo wa Wachina na Mkwaju wa Katabi: Juu ya Kufasiri Alama

Imekuwa desturi ya waandishi wengi waelezao sanaa za mataifa ya mbali kuzipanga alama kama maneno ya kamusi: upande huu umbo, upande wa pili maana yake. Popo ni baraka, samaki ni neema, ua la peoni ni utajiri na cheo. Orodha ya namna hii haisemi uongo, lakini humnyima msomaji jambo lililo kuu, nalo ni sababu. Akishaisoma atajua ya kuwa popo ni baraka, wala hatajua kwa nini Wachina walimchagua popo, wasimchague njiwa au kipepeo.

Sababu yenyewe imo katika lugha. Kwa Kichina jina la popo, bianfu, huishia kwa sauti ile ile ya neno fu, yaani baraka, ingawa maandishi ni mbalimbali. Hali kadhalika yu ni samaki, na yu nyingine ni ziada; ndiyo maana samaki huandaliwa mwaka mpya unapoingia, na wengi hawammalizi, ili ziada ivuke mwaka. Popo watano hutaja baraka tano: umri mrefu, mali, afya na utulivu, kupenda wema, na kufa kifo chema. Neno fu lenyewe huandikwa katika karatasi nyekundu na kubandikwa mlangoni juu chini, kwa kuwa neno la kupinduka hutamkwa sawa na neno la kufika. Kama fundi wa Kiswahili angechora kaa wa pwani mlangoni ili kumwambia mgeni akae, Mswahili angecheka na kuelewa; asiyejua lugha angedhani mwenye nyumba ni mvuvi. Hivyo ndivyo ilivyo kwa popo: asiye na lugha huona mnyama, mwenye lugha husikia dua.

Mabeseni na chupa za chai za Kichina, zenye samaki wekundu na peoni, yamezoeleka sana katika nyumba za Tanzania. Anunuaye hununua pambo, wala hapaswi kulaumiwa. Alama imevuka bahari ikaiacha lugha yake nyuma. Safari ya kinyume nayo imepata kutokea. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme Yongle, akapokelewa kuwa ni qilin, mnyama wa hadithi ajitokezaye pale mfalme mwema atawalapo. Mwili ulikuwa ule ule wa twiga walao majani leo katika mbuga za Katavi; kilichobadilika ni msomaji.

Katika Katavi ndiko kasoro ya orodha inapoonekana wazi zaidi. Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 1974, na mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 wenye makao yake Mpanda, vyote vimebeba jina la Katabi, mzimu wa Wabende. Husimuliwa kwamba alikuwa mwindaji hodari, na ya kuwa roho yake hukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ambako watu huweka sadaka chini ya mti wakiomba baraka. Maelezo wapewayo wageni hulimaliza jambo hili kwa sentensi moja: mkwaju ni makao ya mzimu, na jina limetoka hapo. Sura ya maelezo hayo ni ile ile ya "popo ni baraka".

Lakini alama hizi mbili si za jinsi moja. Popo hushikwa na sauti, kwa hiyo huchukulika: mchore katika sahani yoyote, mahali popote, naye atamwambia Mchina neno lile lile. Katabi hushikwa na mahali na tendo. Si kila mkwaju ulio makao yake, na mkwaju uliochorwa ukutani Mpanda mjini haupokei sadaka ya mtu. Sahani ikivunjika, nyingine itachorwa. Mti ule ukianguka, au wajuao kuuendea wakiisha, hakuna picha itakayoziba pengo. Tena hifadhi ya taifa haikaliwi na wanavijiji. Mtoto aweza kukulia Mpanda akilitaja jina la mkoa wake kila siku, asijue kwamba anamtaja mwindaji.

Yafaa basi kila afasiriye alama aulize kwanza inashikwa na nini: sauti, hadithi, au mahali, maana kila moja hupotea kwa njia yake, na huhifadhiwa kwa njia yake. Kwa alama ya Katabi, kazi iliyo mbele si kuongeza mstari katika orodha. Ni kuandika, kwa Kibende na kwa vinywa vya wenyewe, maneno yasemwayo sadaka inapowekwa chini ya mti. Tafsiri ya Kiswahili na ije baada ya hapo.