Kazimoto na Waliobaki Kijijini

Yapo maswali ambayo mwalimu huyajibu upesi darasani, kisha yakamsumbua njiani arudipo nyumbani. Mwaka uliopita nilikuwa nikisomesha riwaya ya Kichwamaji, ya Euphrase Kezilahabi, katika darasa la jioni la watu wazima hapa Mikocheni. Wanafunzi wangu walikuwa walinzi wa usiku, makarani, wauguzi wawili, na akina mama waliofunga biashara zao za chakula mapema ili wakiwahi kipindi. Nilikuwa nimekwisha kuwaeleza yale ambayo wahakiki tumezoea kuyaeleza juu ya kitabu hicho: upweke wa mwanadamu, maisha kukosa maana, na mwangwi wa wanafalsafa wa Ufaransa, Sartre na Camus. Mmoja wa akina mama akainua mkono akasema: "Samahani, mwalimu. Huyu Rukia, dada yake Kazimoto, yeye nani alimpigia hesabu ya kusoma?" Nikamjibu kwamba swali hilo ni la Wizara ya Elimu, si la fasihi. Darasa likacheka, naye akaketi.

Naiandika insha hii kwa kuwa nimeona jibu langu lilikuwa baya. Baya kwa adabu, na baya zaidi kwa uhakiki. Nakusudia kuonyesha kwamba Kichwamaji, pamoja na falsafa yake yote, ni kitabu cha mgawo wa elimu: jinsi mmoja apandishwavyo, na jinsi wengine walipavyo gharama ya kupanda kwake. Asiyeliona jambo hilo amesoma nusu ya kitabu.

Yatupasa kwanza tukumbushane hadithi yenyewe. Kazimoto ni kijana wa Ukerewe anayesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika likizo arudi kwao. Manase, aliyekuwa rafiki yake tangu utotoni, amekwisha kuwa Mkuu wa Wilaya. Huyo Manase ampa mimba Rukia, dada mdogo wa Kazimoto, kisha amwacha. Rukia afa, mama yao naye afa kwa huzuni. Baadaye Kazimoto amwoa Sabina, dada yake Manase. Mtoto wao azaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, wala haishi. Mwisho wake Kazimoto ajiua. Kitabu hicho kilitolewa mwaka 1974, nacho chasomwa hata leo katika vyuo vyetu.

Tazama sasa ni nani asimuliaye. Kazimoto asimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Kijiji chote twakiona kwa macho ya yule aliyeondoka: wazee na imani zao, ulevi, ushirikina, njaa na magonjwa. Twajua kwa urefu anachofikiri Kazimoto juu ya Mungu, juu ya ndoa na juu ya kifo. Anachofikiri Rukia hatukijui. Yeye alia, augua, afa. Huzuni ni yake, lakini maneno ni ya kaka yake. Tukiuliza kwa nini, yatosha kujibu kwamba mwandishi alichagua msimulizi mmoja, kama ilivyo haki ya kila mwandishi. Lakini uchaguzi huo una maana. Katika nyumba ile mtu mmoja tu alipelekwa mbali kujifunza namna ya kuisema nafsi yake, na kwa hiyo mtu mmoja tu ndiye mwenye nafsi kitabuni.

Hali hiyo haikubuniwa na Kezilahabi. Aliikuta. Chuo Kikuu chetu kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiotimia hata 20. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kamili cha taifa. Kabla ya hapo Mtanganyika aliyetaka elimu ya juu alikwenda Makerere au ng'ambo, naye mara nyingi alikuwa ametoka katika shule za misheni, ambazo zilijengwa kwa wingi zaidi nchi za juu, kama Kilimanjaro na Bukoba, kuliko huku pwani. Kezilahabi mwenyewe, mzaliwa wa Namagondo mwaka 1944, alipitia seminari kabla ya kuingia Chuo Kikuu mwaka 1967. Na Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake vyatahiniwa katika vyuo vyote vya Kiswahili, alimaliza masomo yake mwaka 1926 akaingia ukarani. Kwenye Chuo Kikuu aliingia kwa vitabu vyake tu.

Katika miaka hiyo ya 1960 Mwalimu Nyerere alipata kutoa mfano ambao wengi waukumbuka. Aliwafananisha wasomi na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo akila asirudi, ni msaliti. Mfano huu ulikuwa mkali, nao ulikuwa wa haki. Ukali wake ulionekana Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 kati yao wakarudishwa makwao. Kezilahabi aliingia Mlimani mwaka uliofuata, tukio hilo likiwa bado bichi, na mwaka huohuo Azimio la Arusha likatangazwa. Si ajabu basi kwamba alipoandika juu ya msomi aliandika juu ya mtu mwenye deni.

Nasema kwamba Kichwamaji ni mfano ule ule wa chakula, ila umesimuliwa mpaka mwisho. Kazimoto alikula, akaenda, na kinyume cha msaliti, akarudi. Lakini alirudi mikono mitupu. Imani ya wazee imemtoka na mpya hakuipata; hawezi kusema na baba yake kwa lugha ya moyo mmoja. Manase naye alirudi, tena na cheo, akala hata kile kidogo kilichobaki. Hapa ndipo kifo cha Rukia kinapopata uzito wake. Si ajali ya mapenzi tu. Wasomi wawili wametoka katika kijiji kimoja: mmoja amwua binti huyo kwa kumtumia, na mwingine amsimulia baada ya kufa. Riwaya hii yatuambia kwamba kosa la mgawo halitibiwi kwa kumhimiza aliyepewa awe na moyo mwema. Maadamu ni mmoja tu aendaye, wale waliobaki watakuwa watu wa kuhurumiwa au watu wa kutumiwa.

Najua pingamizi itakayoletwa. Itasemwa kwamba naishusha riwaya ya falsafa iwe ripoti ya shule. Kwamba uchungu wa Kazimoto ni wa mwanadamu popote alipo, wala usingepungua hata kama kila mtu wa Ukerewe angekuwa na shahada. Pingamizi hii ina nguvu, nami siikatai yote. Kifo hakiulizi cheti. Lakini namwomba mwenye kuileta aangalie jambo moja: Kazimoto haoni utupu mahali popote kwa nguvu kama aonavyo anapokuwa miongoni mwa watu wake. Upweke wake una njia uliyopitia, na njia hiyo ni ngazi ya madarasa ambayo kila kidato kilimpunguzia wenzake. Kuitaja ngazi si kuikana falsafa. Ni kueleza kwa nini falsafa hiyo ilimfika yeye na si mdogo wake.

Taifa lenyewe lilikwisha kuliona tatizo hilo. Novemba 1974, mwaka ule ule wa Kichwamaji, Azimio la Musoma liliamua kwamba mtu asiingie Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha 6, bali afanye kazi kwanza walau miaka miwili, kisha apendekezwe na wenzake wa kazini na chama. Nia yake ilikuwa njema: mlango ufunguliwe kwa watu wazima na wafanyakazi. Lakini wanawake walioingia walipungua, kwa kuwa katika miaka ile miwili wengi waliolewa, wakazaa, wakafungwa na kazi za nyumbani. Haukupita muda mrefu ikabidi wao waondolewe sharti hilo. Kumbe mlango mmoja waweza kuwa mpana kwa kaka na mwembamba kwa dada, wala asiwepo aliyekusudia hivyo.

Mlango wa namna nyingine ulifunguliwa baadaye. Kwa sheria ya mwaka 1992 kilianzishwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho makao yake yapo Kinondoni, barabara ya Kawawa, si mbali na hapa nikaapo. Hicho hakimwambii mtu aache kazi, nyumba na watoto apande Mlimani. Masomo humfuata mtu alipo, katika vituo vya mikoani, kwa vitabu, na sasa kwa intaneti. Kwa miaka mingi kilikuwa pia na kozi ya msingi kwa wale waliokosa sifa za kuingia moja kwa moja. Ukikitazama kwa macho ya mhakiki, chuo hiki ni jibu kwa mfano wa Mwalimu. Badala ya kumlisha mmoja aende mbali, kinajaribu kukileta chakula kijijini.

Lakini nisije nikasifu kupita kiasi. Mwanafunzi wa masafa hujifunza peke yake, usiku, akiwa amechoka, na kote duniani masomo ya aina hiyo yajulikana kwa wengi kuyaacha njiani au kuyamaliza kwa miaka mingi. Nayaona hayo hapa Mikocheni. Mtaa wetu, uliopata jina kutokana na mikoche, leo ni mtaa wa kuta ndefu na mageti, na nyuma ya kila geti pana mlinzi mwenye daftari. Yeye alindaye nyumba ya daktari wa falsafa yuko hatua 20 kutoka kwenye maktaba ya tajiri wake, wala hawezi kuifikia. Chuo Kikuu chenyewe hakiko mbali. Atokaye hapa kwa daladala afika Mlimani bila safari kubwa. Umbali uliopo ni wa saa za kulala, wa ada, na wa lugha. Mtoto wetu wa shule ya serikali asoma Kiswahili miaka 7, kisha kidato cha 1 aambiwa aanze kufikiri kwa Kiingereza. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliruhusu Kiswahili kitumike katika ngazi zote, lakini darasani mambo hayajabadilika sana. Ada za sekondari za serikali ziliondolewa tangu 2016 hadi kidato cha 4, na tangu 2022 hadi cha 6. Kwa hiyo wafikao mlangoni watazidi, na lugha itawachuja wengi zaidi kuliko zamani.

Swali la yule mama lagusa na jambo jingine. Rukia alipata mimba. Binti wa namna yake, kwa miaka mingi katika nchi hii, alikuwa amemaliza shule siku hiyo hiyo, hata kama aliyempa mimba alikuwa Mkuu wa Wilaya aendeleaye na kazi yake. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa ajili ya uzazi wataruhusiwa kurudi shuleni. Kati ya kitabu na tangazo hilo ni miaka 47. Miaka yote hiyo sisi wahakiki tulikuwa na Rukia mkononi, tukamtaja katika mihadhara kama "mhusika msaidizi", tukapita.

Na waandishi je? Sijapata kusoma riwaya ya Kiswahili ambamo msimulizi ni mama lishe anayesoma shahada kwa taa ya simu, akiwa ameegemea sufuria la wali wa kesho. Watu hao ni wengi Kinondoni na Temeke. Wana mambo ya kusema juu ya Mungu, ndoa na kifo ambayo Kazimoto hakuyajua, kwa kuwa hawakuondoka kwa watu wao ili wayajue. Riwaya ya msomi wa Kiswahili ilizaliwa katika enzi ya mgawo, nayo yaendelea kumsimulia aliyeondoka, ingawa enzi nyingine imekwisha kuanza. Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, hawezi kulaumiwa kwa hilo. Alisema kweli ya zamani zake. Sisi ndio tunaokosa tukiirudia kweli hiyo kama kwamba ndiyo ya zamani zetu.

Wenzangu wanaofundisha kitabu hiki nawaomba wakitahini upya. Badala ya kuuliza tena "Jadili ukengeushi wa Kazimoto," waulize: "Isimulie sura moja kwa nafsi ya Rukia, kisha ueleze ni nini kimebadilika." Mimi nimelijaribu swali hilo katika darasa langu la jioni. Yule mama aliandika kurasa 4. Rukia wake hakumlaani Manase wala hakumlilia kaka. Alikuwa akihesabu ni nani atakayechota maji siku ya mazishi yake. Nilimpa alama nyingi, nikamwomba radhi mbele ya wenzake kwa jibu langu la kwanza. Akasema, "Hakuna neno, mwalimu," akakusanya vyombo vyake, akawahi daladala.